Maswali ya Wasomaji: Nyota ya Babu Haina Jina

Safari hii tumepokea barua tatu zinazohusu jambo moja, yaani namna ya kuwakumbuka wazee wetu waliokwenda vitani na kurudi kuishi miongoni mwetu hapa Dar es Salaam. Tumezijibu pamoja, ya kwanza kwa kirefu kuliko nyingine.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Bibi yetu mzaa baba alifariki dunia mwezi wa tatu mwaka huu hapa Magomeni Mapipa. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake la mbao, ambalo alipokuwa hai hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Chini kabisa, ndani ya kipande cha khanga kuukuu, tulikuta vitu vinne vya babu, aliyefariki mwaka 1994: nyota yenye pembe sita, ya rangi ya dhahabu iliyofifia, ikiwa na utepe, karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa mara nne hadi imeanza kukatika kwenye mikunjo, picha yake akiwa kijana mwenye kofia pana iliyopinda upande mmoja, na kamba ya katani yenye mafundo matatu. Kamba tunaijua, kwa kuwa babu ndiye aliyekuwa akipima makaburi ya watu wa mtaani kwetu kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikumbuki kusikia maziko ambayo hakuhudhuria. Hivyo vingine vitatu hatukuwahi kuviona. Tulichojua ni kwamba alizaliwa Kariakoo, akaingia Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, mwaka 1942, akapelekwa Burma, ambayo leo ni Myanmar, akarudi mwaka 1946, akafanya kazi bandarini mpaka alipostaafu.

Sasa tunaandaa hitima ya wote wawili, na ukoo umeniagiza niandike historia fupi ya babu isomwe siku hiyo. Ba'mkubwa, ambaye alipewa jina la rafiki wa babu wa huko jeshini, mtu wa Songea ambaye hatukuwahi kumwona, anataka niandike habari za vita tu, kwa kuwa ndizo za kujivunia. Shangazi anasema vita visitajwe kabisa, kwa sababu babu mwenyewe hakuvitaja hata siku moja, na si adabu kumsemea marehemu jambo alilolinyamazia. Nyota hiyo nimeigeuza pande zote sikuona jina lake. Je, ni yake kweli? Na nimfuate nani kati ya wakubwa wangu hawa wawili?

Mjukuu, Magomeni

JIBU

Mjukuu, poleni kwa msiba, na Mungu awape subira. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa kuwa ndani yake mna jibu ambalo umelipita bila kusimama. Nitalifikia baada ya kumaliza habari ya nyota.

Nyota kutokuwa na jina hakuonyeshi kwamba si yake. Medali ambazo Uingereza iliwapa askari wa Afrika Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili zilitolewa bila kuchorwa jina la mtu. Zile za vita vya 1914 hadi 1918 zilikuwa tofauti, maana kwenye ukingo wake utakuta namba na jina la mwenyewe kwa herufi ndogo. Ichukue nyota yako uiweke penye mwanga. Katikati pana duara lenye maandishi, na ndani ya duara mna herufi za mfalme wa Uingereza wa wakati huo, George wa Sita, na taji juu yake. Kama kwenye duara limeandikwa neno Burma, basi utepe nao unapaswa kuwa na nyekundu pana katikati, buluu iliyokoza pande zote mbili, na katikati ya kila buluu mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Nyota hiyo walipewa waliotumikia katika vita vya Burma kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945, na miaka uliyoitaja inaingia humo.

Hata hivyo, kitu kisicho na jina kinaweza kuhama mikono. Zipo medali zilizouzwa wakati wa dhiki, na zipo zilizookotwa. Kwa hiyo nyota peke yake haitoshi kuwa ushahidi, na kinachoiunganisha na babu yako ni ile karatasi iliyokuwa pamoja nayo kwenye khanga. Kwa maelezo yako, nadhani ni cheti cha kuachishwa jeshi. Tafuta ndani yake namba ya jeshi, kikosi, cheo, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Usishtuke ukikuta jina limeandikwa vingine, kwa sababu makarani wa jeshi waliandika majina yetu kama walivyoyasikia, na mtu mmoja aliweza kuwa na tahajia tatu katika karatasi tatu. Namba ndiyo ya kuishika. Usiibandike selotepu pale ilipokatika, kwa kuwa gundi yake huila karatasi na kuacha alama ya kahawia isiyotoka. Ipige picha pande zote mbili, kisha uilaze ndani ya bahasha safi bila kuikunja tena. Nyota nayo usiisugue kwa majivu na limau kama tunavyosugua sufuria za shaba, maana utaing'arisha kwa siku moja na kuimaliza kwa miaka.

Kuhusu picha, ile kofia pana ndiyo waliyovaa askari wetu huko Burma. Angalia bega la shati kwa kioo cha kukuzia. Ukiona kibandiko chenye kichwa cha kifaru, hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na hapo utakuwa umejua babu yako alipita njia gani.

Njia yenyewe nitakueleza kwa ufupi, ili ujue uzito wa kile ambacho mzee alikifungia sandukuni. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000 katika vita hivyo, wengine kwa kujiandikisha wenyewe na wengine kwa kuchukuliwa kwa amri ya serikali ya kikoloni, na askari Mwafrika alilipwa pungufu ya Mzungu wa cheo kilekile. Wa Divisheni ya 11 walisafirishwa kwa meli kuvuka Bahari ya Hindi hadi Ceylon, nchi ambayo leo tunaiita Sri Lanka, na katikati ya mwaka 1944 wakaingia bonde la Kabaw lililoko mpakani mwa India na Burma. Waliingia wakati wa mvua kubwa za huko, ambapo magari yalizama kwenye tope hadi mizigo ikabebwa kwa mabega na nyumbu, na malaria iliwaangusha watu pamoja na risasi za Wajapani. Walisonga mbele hivyohivyo. Mwanzoni mwa Desemba 1944 waliukamata mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin, kisha likajengwa hapo daraja la vyuma vya kuunganisha lenye urefu wa zaidi ya mita 300, ambalo jeshi la Uingereza lilivukia kwenda kumfukuza Mjapani katika Burma yote. Si wote waliokuwa na bunduki. Wengi walikuwa madereva, wajenzi wa barabara, wauguzi, wapishi na watu wa simu za upepo, na cheti ndicho kitakachokuambia babu yako alikuwa nani kati ya hao. Ukikuta alikuwa dereva, andika dereva, kwa kuwa lori lililofika Kalewa katika tope lile lilihitaji mtu wa kulifikisha.

Sasa nirudi kwenye lile neno ulilolipita. Umeniandikia kwamba ba'mkubwa wako alipewa jina la rafiki wa babu wa jeshini, mtu wa Songea ambaye hamkuwahi kumwona. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi hupewa jina la babu yake, na bila shaka ukooni mlikuwamo wazee waliotazamia heshima hiyo. Kijana aliyetoka vitani mwaka 1946 aliwaacha wote hao akachukua jina la mtu wa Songea. Shangazi anaposema kwamba babu hakuvitaja vita hata siku moja, nathubutu kumwambia kwa heshima zote kwamba alivitaja kila alipomwita mwanawe wa kwanza kuja kula. Hilo ndilo neno lake moja kuhusu Burma, na alilisema hadharani kwa miaka karibu hamsini. Ningeanza uchunguzi wangu hapo, kabla ya nyota.

Mwulize ba'mkubwa kama anajua jina kamili la mtu huyo, na kama alirejea au hakurejea. Ikiwa hakurejea, jina lake linaweza kupatikana. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ina orodha kwenye intaneti ya waliokufa wakiwa jeshini, nayo kwa vita vya pili huhesabu kuanzia Septemba 3, 1939 hadi Desemba 31, 1947. Babu yako hutamkuta humo, kwa sababu orodha hiyo ni ya waliokufa wakiwa kazini, na mtu aliyerudi akafia nyumbani hamo. Rafiki yake anaweza kuwamo. Askari wa Afrika Mashariki waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana majina yao yako kwenye mnara wa Rangoon uliomo katika makaburi ya vita ya Taukkyan, nao mnara huo una majina karibu 27,000. Wengine wameandikwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki ulioko Nairobi. Huko Nairobi waweza kukuta pia wale waliozama na meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kuelekea Colombo na kupigwa na nyambizi ya Kijapani Februari 12, 1944. Walikufa zaidi ya watu 1,200, mamia kati yao wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na meli yenyewe ilizama kwa dakika mbili hivi. Jaribu jina kwa tahajia mbalimbali. Mkilipata, ningependa lisomwe kwenye hitima yenu, baada ya jina la babu na la bibi, na aliyelichukua maisha yake yote awepo akilisikia.

Kwa hiyo nimfuate nani, umeniuliza. Ba'mkubwa ana haki kwamba vita viwemo. Simuungi mkono kwamba viwe ndivyo peke yake, na hesabu ya kawaida inatosha kuonyesha sababu. Babu yako alikaa jeshini miaka minne. Aliporudi aliishi Dar es Salaam miaka arobaini na minane. Ukiandika kurasa tano za Burma na mstari mmoja wa Magomeni, utakuwa umemwandika mtu mwingine, ambaye majirani watakaohudhuria hitima hiyo hawatamtambua.

Na miaka hiyo arobaini na minane si mitupu. Mwaka 1947, mwaka mmoja tu baada ya kurejea kwake, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma wakidai ujira bora, na mgomo huo ukasambaa hadi kwa wafanyakazi wengine. Kama tayari alikuwa ameshika kazi bandarini, alikuwa ndani ya jambo hilo upande mmoja au mwingine. Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kariakoo aliyerudi kutoka Burma, alikuja kuwa katibu wa chama cha makuli hao, kisha akawa miongoni mwa walioasisi TANU katika jumba la mtaa wa New Street, ambao leo ni mtaa wa Lumumba, Julai 7, 1954. Mdogo wake Ally naye alikuwa askari wa Burma, na kadi yake ya TANU ilikuwa namba 2. Sisemi kwamba babu yako alikuwa pamoja nao. Nasema kwamba kijana wa Kariakoo aliyetoka jeshini wakati huo alirudi katika mji ambao wenziwe walikuwa wameanza kuuliza maswali, na ni vema uulize yeye alikuwa wapi. Mzee yeyote aliyefanya kazi gatini katika miaka ya 1950 na 1960, na bado yupo hai Temeke, Keko au hapo Magomeni, ana thamani kwako kuliko maktaba. Mwendee kabla ya kwenda maktaba.

Na ile kamba. Umeniambia mnaijua, na kwa hiyo hukuiuliza, lakini mimi ndicho kitu nilichokitamani kukiona. Mafundo matatu, nadhani, moja ni la urefu, moja la upana na moja la mwanandani, na hilo waweza kulithibitisha kwa mtu yeyote aliyechimba naye. Mtu aliyekuwa mahali ambapo wenzake walifukiwa kando ya njia na safari ikaendelea, au hawakufukiwa kabisa, alirudi nyumbani akawa ndiye anayehakikisha kwamba hakuna jirani anayelazwa kwenye kaburi fupi. Sitaki kukuambia kwamba kimoja kilizaliwa na kingine, kwa kuwa hilo alilijua mwenyewe na Mola wake. Wewe andika kwamba nyota na kamba vilikuwa ndani ya khanga moja. Bibi ndiye aliyevifunga pamoja, naye alimjua kuliko sisi sote.

Shangazi asipuuzwe. Kuna adabu katika analolisema, na inakuwekea mpaka mmoja ambao ningekuomba usiuvuke: usimtungie babu maneno. Usiandike kwamba alikuwa shujaa wa mapigano fulani, wala kwamba aliua, wala kwamba aliokoa, ikiwa hujaambiwa na mtu aliyeona au karatasi inayosema. Andika kikosi kilipopita, useme ni kikosi. Andika alichokifanya mtaani, useme ni nani aliyekueleza. Mahali aliponyamaza, andika kwamba alinyamaza, na shangazi akubali sentensi hiyo kabla hujaisoma mbele za watu. Mpelekee rasimu mapema, mkae naye jikoni, usimsomee kwenye simu.

Ukitaka kwenda mbali zaidi baada ya hitima, Idara ya Nyaraka za Taifa iko hapahapa Upanga, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa vitabu na magazeti ya zamani ya Afrika Mashariki. Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew, London, zinahifadhi shajara za vikosi vya vita hivyo, ambazo hueleza kikosi kiliamkia wapi na kulala wapi siku kwa siku. Askari wa kawaida hutajwa humo kwa nadra sana, lakini ukiwa na cheti chenye kikosi na tarehe, utaweza kumfuata kwa vidole juu ya ramani.

Kaburini Kinondoni, ikiwa mtaweka maandishi, mwulizeni shekhe wenu kwanza. Kwa maoni yangu jina, miaka yake na mtaa wake vinatosha, na nyota ibaki nyumbani.

SWALI

Ndugu Mhariri, natoka Kigamboni kila asubuhi kwenda kazini mjini, nami hupita kwenye Sanamu ya Askari. Babu mzaa mama alikuwa askari wa Keya katika vita vya Hitla. Nataka kuwapeleka wanangu pale na kuwaambia kwamba ile ndiyo kumbukumbu yake. Nitakuwa nimesema kweli?

Mama wa Watatu, Kigamboni

JIBU

Utakuwa umesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ni nzuri pia kwa watoto kuijua. Sanamu ile ya makutano ya Samora na Maktaba ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita vya kabla ya hapo, vya 1914 hadi 1918, mahali ambapo zamani ilisimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Wape watoto nafasi waisogelee. Maandishi yake ni ya Kiingereza, ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama bibi na babu zao walivyokuwa wakiandika. Yanawataja askari, na yanawataja pia wapagazi, kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyeipigania nchi yake. Hakuna jina hata moja lililoandikwa pale. Ahadi hiyo waliachiwa wana, na ndiyo sababu nakuomba uwe umewafundisha watoto jina kamili la babu yako kabla hamjafika.

Wapagazi hao ndio walioliachia jiji neno Kariakoo, ambalo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi chao kilichopiga kambi pale baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Kwa vita vya babu yako mwenyewe, mkiwa kwenye daladala la barabara ya Bagamoyo waonyeshe kambi ya Lugalo. Hapo mwanzo iliitwa Colito, kwa jina la mahali huko Ethiopia ambapo askari wa Keya kutoka Tanganyika walipigana na Waitaliano Mei 1941. Jina la Lugalo lilikuja baada ya maasi ya Januari 1964, nalo ni la mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Kwenye barabara hiyohiyo yapo makaburi ya vita yanayotunzwa na ile tume niliyomtajia Mjukuu wa Magomeni, na wageni wanaruhusiwa kuingia. Waende asubuhi, kabla jua halijawa kali, maana kuna mengi ya kusoma.

SWALI

Ndugu Mhariri, baba yangu yuko hai, anaishi Mbagala. Alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Kila nikimwuliza vita vilikuwaje hunijibu kwa maneno matatu, "Tulikwenda, tukapigana, tukarudi," na kuwasha redio. Naogopa ataondoka na habari zake zote. Nifanyeje?

Kijana wa Mbagala

JIBU

Kijana wangu, wewe una kitu ambacho wenzako wawili hapo juu hawana, kwa hiyo usichelewe hata wiki moja. Baba hakukatalii. Swali lako ni kubwa mno, na hakuna mtu anayeweza kueleza vita vilikuwaje. Akianzia wapi? Majeshi ya Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akalitangazia taifa mwanzoni mwa Novemba, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, na vita vikaisha mwezi wa sita. Ni miezi mingi ya mtu aliyekuwa kijana, aliyetembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia.

Mwulize mambo madogo. Mwulize siku walipotangaziwa alikuwa anafanya nini na nani alikuwa karibu. Mwulize alipewa viatu saizi gani na kama vilimtosha. Walikula nini Kyaka, na daraja likiwa limevunjwa walivukaje? Mvua ilikuwaje Mutukula? Walipofika Masaka walilala ndani au nje? Mtu akikumbuka viatu, miguu yenyewe itampeleka kwingine, nawe ukae kimya umsikilize. Usimwulize kamwe kama aliua. Akitaka kulisema atalisema, na siku hiyo usiwe na simu mkononi. Siku nyingine zote omba ruhusa, washa kinasa sauti cha simu, uiweke mezani isionekane kama mahojiano ya polisi. Akisimama kuwasha redio, mwache.

Pili, mtafutie wenzake. Mgambo walichukuliwa kwa maeneo, hivyo wapo waliopanda naye gari moja siku ya kuondoka, na wazee wawili wakikutana husema ambayo mmoja peke yake hayasemi hata kwa mwanawe. Muungano wa Wanajeshi Wastaafu, MUWAWATA, unaweza kukuelekeza kwa waliokuwa jeshini. Kwa mgambo, mwenyekiti wenu wa mtaa na wazee wa msikitini au kanisani watakufaa zaidi. Siku ya Mashujaa, Julai 25, keti naye mtazame shughuli kwenye televisheni, ngao na mkuki vinapowekwa mnarani. Ikiwa mna uwezo wa safari, mwulize kama angependa kufika Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa askari wetu wa vita hivyo. Mwulize tu, usimkatie tiketi kabla hajajibu, kwa sababu wapo wanaotamani kufika huko na wapo wasioweza.

Anza Jumamosi hii, baada ya chai, na kile kiatu. Ukiona ameanza kusema, mwulize pia ni nani aliyempokea siku aliporudi, na mama yako awe amekaa hapo anapojibu.